HP LaserJet P2055dn ya mtumba: bado inafaa ofisi ya Nairobi?

Jibu kwanza: inunue, mradi ofisi yako inachapa nyeusi tu, haina haja ya skana wala Wi-Fi, na kuna mtu mmoja pale asiyeogopa kuchomoa trei na kushika bisibisi. Ofisi isiyo na mtu huyo itamlipa fundi kila mara kwa kazi za dakika 10, na unafuu wa bei ya mtumba utaishia hapo.

P2055dn si mashine mpya. HP walileta M401 mwaka 2012 ikachukua nafasi yake. Lakini bado utaikuta kwenye maduka ya ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) ya Luthuli na Moi Avenue, kwenye ofisi za mawakili, kwa makarani wa Sacco, na kwenye saiba zinazochapia watu vyeti vya PIN vya KRA na fomu za eCitizen. Inadumu kwa sababu vipuri vyake vimejaa mjini, katriji yake kila mtu anajua kuijaza, na karibu kila ugonjwa wake ni wa mitambo: kitu kimelika, kimechanika, kimenata au kimeziba. Ugonjwa wa namna hiyo huonekana kwa macho na tochi ya simu.

Inatoa kurasa 33 za A4 kwa dakika. Trei ya 2, ile ya chini, inachukua karatasi 250, yaani nusu rimu. Trei ya 1, mlango mdogo wa mbele, inachukua 50. Inachapa pande mbili yenyewe na ina tundu la kebo ya mtandao. HP wanashauri kurasa 750 hadi 3,000 kwa mwezi. Ile namba ya 50,000 ambayo wauzaji hupenda kuitaja ni kikomo cha juu kabisa cha mwezi mmoja, si kazi ya kila siku. Anayetaka kuchapa mitihani ya shule nzima kila muhula atafute mashine kubwa zaidi. Muuzaji akikuletea P2035 akisema ni ile ile, mkatalie kwa upole: P2035 inatoa kurasa 30 kwa dakika, haigeuzi karatasi, haina skrini, na haipokei katriji kubwa ya CE505X.

Karatasi haivutwi, au zinakuja mbili mbili

Hapa ndipo tutakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo simu nyingi kwa fundi huanzia. Trei ina karatasi, printa inanguruma, kisha skrini inaandika kosa linaloanza na 13, yaani karatasi imekwama, au inadai ujaze trei ambayo imejaa.

Kabla ya kufungua chochote, weka karatasi tano kwenye trei ya 1 na uchapishe kutoka hapo. Kila trei ina rola yake ya kuvutia. Trei ya 1 ikivuta sawa huku ya 2 ikikataa, umeshajua kwamba katriji, fyuza (sehemu ya joto inayochoma wino kwenye karatasi) na mota havina kosa. Tatizo liko juu tu ya trei ya chini. Zote mbili zikikataa, tazama mbele zaidi: sensa, klachi au gia. Ni jaribio la dakika mbili. Fundi akifika na kutangaza, "Boss, hii ni fyuza, inabidi tubadilishe," mjibu tu, "Sawa fundi, lakini tujaribu trei ya juu kwanza." Fundi mzuri atakuwa ameshaifungua.

Chomoa trei ya 2 na umulike ndani. Rola nzima ina mpira wenye mistari midogo, haing'ai, na ukiigusa kwa kidole kikavu inakushika. Iliyochoka inang'aa na kidole kinateleza. Kama imefunikwa tu na vumbi la karatasi, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa maji kidogo au spiriti ya isopropili, ukiizungusha hadi mpira wote upite chini ya kitambaa, kisha iache ikauke. Petroli na thina zisikaribie hapo. Mpira huvimba, ukapasuka. Mpira ukishakuwa mgumu, usafi hurudisha mshiko kwa siku chache tu.

Kuna mbinu ya mjini ya kukwaruza rola kwa msasa. Inafanya kazi, na ndiyo maana inadanganya. Msasa unapunguza unene wa mpira, kwa hiyo kila mzunguko wa rola unasogeza karatasi kidogo kuliko iliyokusudiwa. Karatasi inafika kwenye sensa imechelewa, printa inahesabu kuwa imekwama, na sasa una kosa la 13 kwenye rola ambayo kwa macho inaonekana safi kabisa.

Rola ya trei ya 2 huuzwa kwa namba RM1-6414, na pedi ya kutenganisha karatasi ni RM1-6397. Nunua zote mbili kwa mpigo. Rola huvuta karatasi ya juu. Pedi huzishikilia zilizo chini zisifuatane nayo. Ukiweka rola mpya yenye mshiko mkali juu ya pedi iliyolika, karatasi zitaanza kuja mbili, na mteja atadhani ameuziwa rola mbovu. Bei ya vipuri hivi, hata vya kampuni zisizo HP, haiwezi kumtisha mtu anayenunua karatasi kwa rimu.

Kuibadilisha: zima, chomoa waya wa stima, toa katriji na uifunike kwa gazeti isipigwe na mwanga, chomoa trei. Laza printa kwa mgongo ili uso wake utazame juu. Ndani ya nafasi ya trei utaona rola ikiwa imeshikwa na vishikio vyeupe pembeni. Vivute kwa nje, inua rola, isogeze upande mmoja hadi ncha ya mhimili itoke. Usishike mpira wa rola mpya kwa vidole vyenye mafuta, na mhudumu aliyetoka kula chapati anawe mikono kwanza. Pedi imefungwa kwa skrubu. Bisibisi ya nyota yenye ncha inayoenea vizuri, maana skrubu zikishalika vichwa utapoteza nusu siku. Ukimaliza, chapisha kurasa 20 mfululizo kutoka trei ya 2 kabla ya kutangaza kuwa kazi imeisha.

Ukiwa umebadilisha rola na pedi, na bado printa inaruka karatasi au inavuta ya pili ambayo haijaombwa, sikiliza. Kila karatasi inapoanza safari kunatakiwa kusikika mlio mmoja mkavu: tik. Huo ni mkono wa solenoidi, yaani sumaku ndogo ya umeme, unaoachilia gia ya rola izunguke mara moja. Kwenye mkono huo kuna kipande kidogo cha sponji cha kuzuia kelele, ambacho kwenye mashine za umri huu huoza na kuwa kama ulimbo. Mkono unanata, unaachia kwa kuchelewa, na rola inazunguka mara mbili badala ya moja. Dawa yake ni kufungua kifuniko cha pembeni, kukwangua ule utomvu mweusi, kusafisha chuma kwa spiriti, na kubandika kipande chembamba cha kitambaa cha felti au utepe wa fundi umeme mahali pake. Hakuna cha kununua. Hii ndiyo kasoro inayokula rola nyingi bila hatia hapa mjini, na ni kipimo kizuri cha fundi: anayeijua atakwambia kabla hajafungua.

Na karatasi yenyewe? Trei ina alama ya kikomo. Kujaza rimu nzima kwa nguvu hubana rola. Rimu zilizowekwa juu ya sakafu ya simenti, hasa majira ya mvua na baridi ya Julai, hunyonya unyevu na kujipinda. Pepeta karatasi kabla ya kuziweka. Zikiwa zinapinda upande mmoja, zigeuze chini juu. Vishikio vya upande viguse karatasi bila kuibana.

Kosa moja hufanana na la mitambo kumbe silo. Printa inasimama, haivuti chochote, na skrini inaomba karatasi ya Letter. Kompyuta nyingi huwekwa lugha ya Kiingereza cha Marekani, na hati zinatengenezwa kwa ukubwa wa Letter. Printa inangoja karatasi ambayo hapa Kenya hakuna aliyeinunua. Badilisha ukubwa kuwa A4 kwenye hati na kwenye mipangilio ya printa, na uiache bisibisi.

Imekwama wapi hasa?

Karatasi iliyokwama ni ushahidi, kwa hiyo usiivute kabla ya kuitazama. Fungua mlango wa mbele, toa katriji, uone ncha ya mbele imefika wapi. Ikiwa haijafika chini ya katriji, rudi kwenye rola. Ikiwa imefika nyuma na kujikunja mikunjo mikunjo, mshukiwa ni fyuza au rola za kutolea. Hapo fungua mlango wa nyuma ili karatasi itoke moja kwa moja bila kupinda kwenda juu, kisha chapisha tena. Ikitoka vizuri kwa nyuma, fyuza inaipitisha sawa na kosa liko kwenye njia ya kutokea juu. Ikijikunja hata kwa nyuma, ni fyuza. Inayokwama tu wakati wa kuchapa pande mbili ina shida kwenye rola za kurudishia. Zima uchapaji wa pande mbili uendelee na kazi huku ukipanga matengenezo.

Vuta kwa mikono miwili, polepole, kwa kuelekea kule karatasi ilikokuwa inakwenda. Kipande kikibaki ndani, kitafute chote. Kisu, mkasi na kalamu havina kazi humo ndani.

Fyuza

Ndani ya fyuza kuna hita nyembamba ya seramiki, filamu inayoizunguka, na chini yake rola ya mpira inayokandamiza. Karatasi inapita katikati na tona, yaani unga wa wino, inayeyuka. Mpangilio huu hupata moto haraka sana, ndiyo maana ukurasa wa kwanza hutoka baada ya sekunde 8 hivi. Gharama yake ni kwamba filamu haivumilii kitu chenye ncha. Pini moja ya stepla iliyosahaulika kwenye karatasi inayotumiwa upande wa pili, lebo iliyobanduka, au kisu cha mtu aliyekosa subira, na filamu imechanika.

Dalili ni tona inayofutika kwa kidole, uchafu unaorudi kwa umbali sawa, mlio wa kukwaruza, na ile mikunjo tuliyoitaja. Lakini katriji mbovu nayo huchafua karatasi, kwa hiyo zitenganishe. Anza kuchapisha ukurasa, kisha fungua mlango wa mbele karatasi ikiwa katikati ya safari. Toa katriji, toa karatasi taratibu bila kuisugua, maana tona haijachomwa. Kama maandishi yako safi kwenye karatasi hiyo ilhali kurasa zinazokamilika hutoka chafu, fyuza ndiyo yenye kosa. Kama doa limeshaonekana hapo, ni katriji. Kama maandishi yamebaki kwenye dramu, ile silinda ya katriji inayobeba tona, na hayakushuka kwenye karatasi, angalia rola ya uhamisho, ile nyeusi ya sponji chini ya katriji. Hiyo isishikwe kwa vidole.

Rula nayo inasaidia. Dramu ya katriji hii ina kipenyo cha milimita 24. Zidisha kwa 3.14 upate kama milimita 75. Doa linalojirudia kila sentimita 7.5 limetoka kwenye dramu, na katriji nyingine italiondoa. Umbali ukiwa mwingine, pima kipenyo cha rola unayoishuku na ufanye hesabu ile ile.

Filamu inaweza kubadilishwa peke yake, na kwa mkono mzuri inafaa. Muulize fundi mambo mawili. Anatumia grisi gani? Inatakiwa grisi maalum ya joto kali kati ya hita na filamu. Grisi ya pikipiki hukauka, inanuka, na filamu mpya hupasuka upesi. Na je, amekagua rola ya kukandamiza? Ikiwa mpira wake una kovu au umevimba, filamu mpya itaharibika kwa njia ile ile, na hapo fyuza nzima ndiyo rahisi zaidi mwishowe.

Ikiandika kosa la 50, fyuza imeshindwa kupata au kushikilia joto. Usikimbilie kununua. Printa ya leza huvuta mamia ya wati kwa mpigo kila hita inapowaka. Ikiwa imechomekwa kwenye UPS ndogo ya kompyuta au kwenye ekstensheni yenye birika la chai, ihamishie kwenye soketi ya ukutani. Izime, ipoe nusu saa, uiwashe tena. Kosa likirudi kwenye soketi nzuri, sasa ni hita, sensa ya joto au waya wake. Stima ikipotea katikati ya kazi, toa karatasi iliyobaki kwenye fyuza kabla ya kuwasha.

Makosa mengine ni mafupi. 57 ni feni, mara nyingi vumbi au plagi iliyolegea. 59 ni mota kuu. Toa katriji kwanza, kwa sababu katriji iliyokaza huweza kuizuia isizunguke. 79 kwa kawaida ni kazi mbovu iliyotoka kwenye kompyuta: chomoa kebo ya mtandao, futa foleni, washa upya. Mlio wa kwa-kwa-kwa ukipotea unapoweka katriji nyingine, gia mbovu iko kwenye katriji, si kwenye printa.

Tona

CE505A imekadiriwa kurasa 2,300 na CE505X kurasa 6,500, kwa ukurasa wenye wino asilimia 5, yaani barua fupi. Hati za mahakamani zilizojaa maandishi zitapata pungufu. Katriji iliyojazwa upya ni sawa mara moja au mbili ikiwa aliyejaza alimwaga tona taka na kukagua wembe wa kusafishia. Asipofanya hivyo, chumba cha taka hufurika, unga unamwagika kwenye rola na gia, na ofisi inaanza kuilaumu mashine. Ufute unga kwa kitambaa kikavu, na kilichobaki kwenye nguo au ngozi kioshe kwa maji baridi. Ya moto huukandika. Kifyonza vumbi cha nyumbani usikitumie, kwa sababu unga huu ni laini mno na chujio lake huupitisha kurudi hewani.

Dukani

Nenda na laptopu yako, kebo ya USB na karatasi zako mwenyewe. Tazama kibandiko cha nyuma: kiandikwe volti 220–240. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 110, na kuichomeka kwenye stima yetu ni kuiua hapo hapo. Kwa kutumia menyu ya ripoti, chapisha ukurasa wa mipangilio usome jumla ya kurasa ilizotoa tangu ianze kazi. Ikiwa imepita 100,000, tia bei ya rola, pedi na filamu kwenye hesabu yako na uombe ipunguzwe kwa kiasi hicho. Kisha chapisha kurasa 20 kutoka trei ya 2, tano kutoka trei ya 1, kumi za pande mbili, na moja nyeusi karibu tii ili uone mistari. Sugua maandishi kwa kidole. Msikilize solenoidi. Muuzaji anayekuonyesha kurasa mbili tu kutoka trei ya 1 anajua kwa nini hatumii ya chini.

Kama bajeti inaruhusu kusogea kidogo, M402dn hutoa kurasa 38 kwa dakika na katriji yake kubwa, CF226X, imekadiriwa kurasa 9,000. Kyocera P2040dn ina dramu iliyotengwa na tona, na tona yake ya TK-1160 ni ya kurasa 7,200, kwa hiyo hulipi dramu mpya kila tona inapokwisha. Anayechapa sana ataiona tofauti hiyo kwenye hesabu za mwaka. Anayechapa kurasa chache kwa siku moja kwa moja kutoka simu atafute printa ya tangi la wino.

Ukiichagua P2055dn, risiti iandikwe namba ya mashine, idadi ya kurasa uliyoisoma, kama imeuzwa na katriji au bila, na muda wa warantii pamoja na iwapo fyuza na rola zimo ndani yake. Maduka mengi huzitoa kwa kuziita vitu vya kuisha, na hilo ni bora ulijue ukiwa bado umesimama kaunta.